Magoti ya Mama na Hesabu ya Sindano za Kichina

Mama aliacha kusujudu bila kumwambia mtu. Nilikwenda Muheza siku ya Idi nikamkuta anaswalia kwenye kiti cha plastiki kilichoelekezwa kibla. Mswala alikuwa ameutandika mbele yake kama siku zote, ila paji la uso haliufikii tena. Alipomaliza nikamuuliza. "Magoti yamekataa, mwanangu," akasema, kisha akaniuliza habari za watoto.

Hospitali walikuwa wameshampiga picha. Wakamwambia yamesagika, ni mambo ya umri, wakamwandikia diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu. Lakini mama ana presha, na tumbo lake liliwahi kuwa na vidonda. Akizimeza siku tano, ya sita anaamka na kiungulia kinachomkunja. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa akichagua aumwe wapi, magotini au tumboni.

Shoga yake mmoja wa Tanga mjini ndiye aliyemletea habari za sindano za Kichina, zile zinazochomwa mwilini bila dawa ndani yake. Miezi miwili baadaye mama akanipigia simu: anataka kuja Dar es Salaam, aende kwa Wachina. Mimi kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka ya watu, na mtu wa kazi hii hawezi kulipia kitu bila kukiandika. Nikanunua daftari la kurasa 48, nikachora safu: tarehe, nauli, matibabu, dawa, na safu ya mwisho ambayo niliipa jina "maumivu kati ya kumi". Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Je, inalipa?

Kizazi cha mama kinawaamini madaktari wa Kichina kwa sababu kiliwaona kwa macho. Timu za madaktari kutoka China zilianza kuja Zanzibar miaka ya 1960, na huku Bara tangu 1968, na wengi wa wazee wetu waliwajua kama watu waliokwenda hadi hospitali za mikoani, wakatibu bila kudai kitu. Kliniki hii ya sasa ni biashara, na sisemi hivyo kwa ubaya, maana ina pango la kulipa kama duka lolote. Lakini mama alipoingia mlangoni alikuwa amebeba imani ya zamani.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne vilivyotengwa kwa mapazia, na harufu ya majani makavu yanayoungua taratibu, kama ubani lakini siyo ubani. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye Kiswahili cha maneno machache, na pembeni binti wa kwetu akitafsiri. Aliushika mkono wa mama kwa vidole vitatu kwenye mshipa, akanyamaza muda mrefu. Akahamia mkono wa pili. Akaomba kuona ulimi. Akauliza habari za choo, jasho, usingizi. Kisha sindano, nyembamba kama unywele, sita kila goti, mbili kati yake zikaunganishwa waya mdogo na kimashine, na nikaona msuli wa juu ya goti la mama unaruka wenyewe kama samaki aliyetoka majini. Nusu saa. Mama alikuwa amefumba macho, anavuta tasbihi.

Kwenye bajaji wakati wa kurudi hakusema chochote kuhusu magoti. Alisema, "Ameniuliza nalalaje. Miaka yote hii hakuna daktari aliyeniuliza nalalaje."

Sentensi hiyo niliiandika ukingoni mwa ukurasa wa kwanza, kwa kuwa haikuwa na safu yake.

Baada ya safari 12 nikapiga mstari na kujumlisha. Kujiandikisha na kumwona daktari, shilingi 20,000. Sindano mara 12 kwa 30,000, jumla 360,000. Paketi nne za dawa kwa 85,000, jumla 340,000. Bajaji ya kwenda na kurudi, 12,000 kila siku, jumla 144,000. Jumla kuu 864,000. Nikaitazama tena, maana kuna kitu sikukitegemea: sindano zenyewe, ambazo ndizo zilizomtoa mama Muheza, hazikufika hata nusu ya pesa. Zaidi ya nusu ilikwenda kwenye paketi na barabara. Na hapo sijahesabu msimu wa machungwa aliouacha mikononi mwa jirani.

Nianze na paketi, kwa sababu ndizo zilizoniumiza. Tuliuziwa zote nne siku ya kwanza, kwa maelezo kwamba sindano bila dawa ni kazi nusu. Ndani mlikuwa na vidonge vyeusi vidogo kama mbegu za papai, na maandishi yote kwenye chupa ni ya Kichina. Rafiki yangu mfamasia alizigeuzageuza, akasema hawezi kunisaidia, ila akanipa tahadhari moja: dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya magoti ndani ya saa moja, iogope, kwa sababu duniani kote zimeshakutwa dawa za aina hiyo zilizochanganywa kimyakimya na vidonge vya hospitali, hata steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe.

Kisa kinachojulikana zaidi cha mitishamba ya Kichina kwenda mrama siyo cha kwetu. Ni cha Brussels, Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, ambao una sumu ya figo. Mwaka 1993 madaktari wakaripoti figo zilizokufa kwa wanawake vijana. Walioathirika walizidi 100, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ukitaka kupima kama tiba inalipa, gharama ya figo nayo ni sehemu ya bei. Mama ana presha. Figo zake ndizo nisizotaka kuzichezea. Tulizuia paketi mbili za mwisho. Tuliomba kuzirudisha, wakakataa. Bado ziko juu ya kabati.

Kuna gharama nyingine isiyofika kwenye risiti ya mtu yeyote. Ejiao, dawa ya Kichina inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda, ilifanya machinjio ya punda yafunguliwe Kenya kuanzia 2016, na hapa kwetu yakawepo pia. Wezi wakaanza kuvunja mazizi usiku. Aliyelala na punda na kuamka bila punda ni mwanamke anayeteka maji kilomita kadhaa, naye hajawahi kuionja hiyo ejiao. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mtu akiniambia dawa fulani ya Kichina ni rahisi, siku hizi namuuliza, rahisi kwa nani?

Sasa sindano.

Kila Jumamosi nilimuuliza mama maumivu ni ngapi kati ya kumi. Alianza na nane. Wiki ya nne alisema sita. Mwisho wa safari ya 12 akasema nne, na akashuka ngazi za nyumbani kwangu bila kushika ukuta. Kwa akili ya haraka ungesema 864,000 zimenunua pointi nne. Lakini kazi yangu imenifundisha kwamba namba moja peke yake haisemi kitu. Lazima uulize ingekuwaje kama pesa ile isingetumika, au ingetumika kwingine.

Wajerumani waliuliza swali hilo kwa ukubwa. Mwaka 2006 walichapisha utafiti wa watu 1,007 wenye magoti yaliyosagika. Waliwagawa kwa kura makundi matatu. La kwanza walichomwa sindano za kweli, kwenye sehemu zinazofundishwa na Wachina. La pili walichomwa sindano bandia: zimechomwa juujuu tu, mahali ambapo kwa mafundisho hayo hapana maana yoyote. La tatu walionana na daktari mara kumi na kupewa dawa za maumivu. Wote waliruhusiwa mazoezi ya fizio. Baada ya wiki 26, waliopata nafuu ya maana kwenye sindano za kweli walikuwa asilimia 53.1. Sindano bandia, asilimia 51.0. Dawa na daktari, asilimia 29.1.

Nilizisoma namba hizo usiku, mama amelala chumba cha pili, na nilikaa nazo muda mrefu. Ukilinganisha sindano na vidonge, sindano zimeshinda kwa mbali. Ukilinganisha sindano za kweli na za bandia, hakuna kitu. Takwimu ni zilezile. Jibu linabadilika kulingana na unayemweka upande wa pili wa mizani.

Na mataifa mawili yenye wataalamu wazuri yamejibu kinyume. Ujerumani ilisema: mgonjwa ameacha kuumia, na njia tuliyokuwa nayo haikumfikisha hapo, tulipe. Tangu 2007 bima zao za lazima zinalipia sindano za Kichina kwa magoti na mgongo wa muda mrefu. Uingereza, taasisi ya NICE, ambayo ndiyo inayoelekeza huduma ya afya kipi kitolewe, ilisema: kama sindano ya kweli haiizidi ya bandia kwa kiasi cha maana, hatulipii hadithi. Kwa magoti walikataa 2014, wakakataa tena 2022. Kisha angalia maumivu ya kichwa: huko Ujerumani ndiyo iliyokataa kulipa, na Uingereza, mwaka 2012, ikasema mgonjwa anaweza kupewa hadi mara kumi. Moja ya tafiti zilizopima sindano za kichwa kwa pesa ni ya 2004, ya wagonjwa 401 wa Uingereza, ambapo kumwongezea mgonjwa sawa na mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili, kipimo wanachotumia wachumi wa afya, kuligharimu pauni 9,180 zaidi, wakati kiwango ambacho NICE kwa miaka mingi ilikubali kulipa kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000. Inaonekana ni bei nzuri sana. Lakini utafiti huo ulilinganisha sindano na matibabu ya kawaida tu. Kundi la sindano bandia halikuwamo.

Sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba kwa sababu sindano bandia zilifanya kazi, basi mama alidanganywa. Goti lilipungua maumivu, na mimi nilimwona kwenye ngazi. Swali langu ni nini hasa kilichofanya kazi, maana hicho ndicho kinachostahili kulipiwa. Hata waliochomwa bandia walilazwa kitandani nusu saa, wakaguswa goti, wakaamini kuna kinachofanyika. Wale wa kundi la tatu walijua wamekosa sindano, na huenda wengi wao vidonge walikuwa wameshavizoea bila faida. Mama alikuwa kundi hilo la tatu kwa miaka sita. Ninapofikiria alichopata pale nyuma ya pazia, narudi kwenye ile sentensi ya ukingoni: ameniuliza nalalaje.

Jambo jingine linalonisumbua ni huo mwaka wenyewe wa afya kamili. Unapimwa kwa maswali. Dodoso linalotumika zaidi lina mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Hakuna mahali panapouliza kama unaweza kuweka paji la uso chini. Ningemjazia mama dodoso hilo, kabla na baada, goti lake lingepanda kidogo tu. Yeye angekwambia amerudishiwa nusu ya dini yake. Wapimaji hawakukosea, maana kipimo cha watu wote hakiwezi kubeba haja ya kila mtu. Lakini anayelipa kutoka mfukoni mwake ana haki ya kuandika safu yake mwenyewe, na mimi nililiongezea daftari safu ya sita: kusujudu.

Mfuko wa nani, hapo ndipo nilipokwama zaidi. Na kilichonikwamisha ni dawa nyingine ya Kichina, ambayo kila mtu wa Muheza ameshaimeza.

Nilipokuwa mdogo malaria ilikuwa ni klorokwini na kuwashwa mwili mzima hadi unajikuna na kigunzi, na ikizidi, dripu ya kwinini, masikio yanavuma siku tatu. Klorokwini ilikuwa na bei ya karanga, na ikafika wakati haiponyeshi. Serikali ikaiacha 2001, ikaja dawa ya SP, nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikaingia tunayoiita dawa ya mseto. Moyo wa mseto ni artemisinini. Asili yake ni utafiti wa siri wa kijeshi ulioanza China tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam. Bibi Tu Youyou na wenzake Beijing walikusanya maelfu ya maagizo ya tiba za kale, wakajaribu dondoo zaidi ya 380 za mimea kama 200. Mmea mmoja, wa jamii ya pakanga, ulikuwa unafanya kazi leo na kesho unagoma. Jibu alilipata kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Loweka. Hakusema chemsha. Moto ndio uliokuwa unaua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vijidudu vyote kwenye panya. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Watu wengi hukitumia kisa hiki kutetea kila kidonge cha Kichina. Mimi nakisoma tofauti. Katika dondoo zaidi ya 380, iliyoifikia Muheza ni moja. Thamani ilitoka kwenye kupepeta.

Na ilipopepetwa, hesabu yake ilikuwa ya kustaajabisha. Kati ya 2005 na 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa kwetu Muheza na majirani zetu wa Korogwe, walipewa kwa kura ama kwinini ama sindano ya artesuneti, dawa iliyotokana na artemisinini. Kwenye kwinini walikufa asilimia 10.9. Kwenye artesuneti asilimia 8.5. Gharama ya kumtibu mtoto mmoja ilitofautiana kwa dola tatu hivi, na waliopiga hesabu wakapata kwamba kuokoa maisha ya mtoto mmoja zaidi kuligharimu dola 123.

Dola 123 ni shilingi 300,000 hivi. Nilipoandika namba hiyo chini ya 864,000 za mama, mkono ulikuwa mzito. Kwa bei ya utafiti ule, magoti ya mama ni watoto wawili na zaidi.

Nimelifikiria hilo kwa wiki kadhaa, na hiki ndicho ninachokiamini. Kama ningekuwa nimekaa kwenye meza ya wizara, na pesa ni za kodi, nisingelipia sindano za magoti hata kidogo wakati kuna wodi ya watoto inayoishiwa artesuneti. Ningesema hivyo bila kusita, hata mama akiwa ukumbini. Lakini 864,000 hazikutoka wodini. Zilitoka kwangu na kwa dada yangu, na kama zisingekwenda kwenye magoti zingekwenda kwenye bati. Mtoto wa wodini hamdai mama yangu kitu. Anayemlaumu mwanamke wa miaka 71 kwa kununua nusu saa ya kutoumia amekosea wa kumlaumu.

Ninachojilaumu mimi ni kitu kingine. Fizio mmoja wa hospitali ya umma, nilipokwenda kuomba ushauri, alimwonyesha mama zoezi moja kwa dakika kumi: kaa kwenye kiti, funga kilo moja ya sukari kwenye kanga, izungushie kifundo cha mguu, nyoosha mguu hadi ulingane na goti, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mwongozo uleule wa Uingereza unaokataa sindano unaweka mazoezi mbele ya kila kitu. Kilo ya sukari tulikuwa nayo jikoni siku zote. Kwa miaka sita kila aliyemwandikia mama diklofenaki alikuwa na dakika tatu, na zoezi linataka kumi.

Mwezi uliopita mama aliomba kurudi kwa Wachina. Tukakubaliana hivi: sindano sita, hakuna paketi, na afikie kwa mpwa wangu anayekaa karibu na kliniki ili aende kwa miguu yake. Shilingi 180,000, na nauli ya basi. Sukari inaendelea. Huenda kinachomsaidia ni sukari na si sindano, na sina kundi la pili la mama wa kulinganisha naye. Nimeridhika kulipia visivyotenganishika ilimradi havimdhuru.

Jumamosi nilimpigia simu kama kawaida, daftari mkononi. Akasema nne. Nikamuuliza safu ya sita. Akasema alfajiri bado anaswalia kwenye kiti, magoti yanakuwa yamelala. Adhuhuri na alasiri, chini.